Kujenga mifupa ya binti anayekua kwa michezo: mwongozo wa hatua kwa hatua

Kila msimu ukianza maswali ni yale yale. Kuruka sana hakutamdumaza? Anaogelea kila siku, kwani hiyo haitoshi? Ana miaka 9 tu, si bado mdogo? Na lile linaloulizwa kwa sauti ya chini, watu wakishaondoka: hedhi yake imekata miezi minne, tumeambiwa ni kawaida ya wanamichezo, ni kweli? Majibu ya haraka ni haya: hakutamdumaza, haitoshi, si mdogo, na si kweli hata kidogo. Majibu marefu yako hapa chini, yamepangwa kwa mpangilio wa kazi yenyewe.

Nazungumza na wewe mzazi, mlezi au kocha mwenye binti wa miaka kati ya 8 na 18. Binti mwenyewe akitaka kusoma, mpe asome yote, hata sehemu ya hedhi. Hasa hiyo.

Nadharia kidogo, kisha tuanze

Mfupa si jiti kavu. Una seli zinazoubomoa na seli zinazoujenga, zinafanya kazi usiku na mchana, na zote zinasikiliza mzigo unaoufikia. Pale unapopata kishindo cha ghafla mfupa huongezwa. Unapokaa bure hupunguzwa. Ushahidi ninaoupenda kuliko mwingine wowote unatoka kwa wachezaji wa tenisi na skwoshi. Mkono unaoshika raketi una mfupa imara kuliko mkono wa pili, na hapo mwili ni mmoja, chakula ni kile kile, urithi ni ule ule. Watafiti wa Ufini walichapisha mwaka 1995 kwamba tofauti hiyo ya mikono ilikuwa kubwa mara 2 hadi 4 kwa wanawake walioanza kucheza kabla ya hedhi ya kwanza au wakati huo huo, ukiwalinganisha na walioanza zaidi ya miaka 15 baadaye.

Dirisha lenyewe ni fupi. Takriban robo ya madini ya mifupa ya mtu mzima huwekwa katika miaka 2 tu, ambayo kwa wasichana wengi huzunguka umri wa miaka 12 na nusu. Akifikisha 18, karibu asilimia 90 ya akiba ya mfupa wake iko tayari. Baada ya hapo kazi kubwa ni kuitunza.

Vitu vya kuandaa

- Mahali pa kurukia: nyasi, udongo ulioshindiliwa au sakafu ya mbao. Zege na vigae viache.
- Kamba ya kuruka. Aikanyage katikati kwa mguu mmoja. Ncha zikifika kwapani, urefu unamfaa.
- Raba zinazomtosha leo, si za mwaka jana. Miguu hutangulia kukua.
- Sidiria ya michezo, akishaanza kuota matiti. Wengi huacha kukimbia kwa sababu ya aibu na maumivu ambayo hawatayasema mbele ya kocha mwanamume.
- Daftari la urefu, tarehe za hedhi na maumivu.
- Neno la daktari kwanza, ikiwa ana selimundu, kifafa kinachotibiwa kwa dawa, ugonjwa wa figo, anatumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, au amewahi kuvunjika mfupa kwa jambo dogo lisilostahili kuvunja mfupa.

Mashine, unga wa protini na makopo ya virutubisho havimo kwenye orodha, na sikuvisahau.

Hatua ya 1: Jua yuko wapi katika ukuaji

Mpime urefu kila baada ya miezi 3, bila viatu, kisigino ukutani. Kabla ya balehe msichana hurefuka kama sentimita 5 au 6 kwa mwaka. Kasi ikifika kileleni inakaribia 8. Kwa hiyo ukiona sentimita 2 zimeongezeka ndani ya miezi 3, yumo katikati ya kipindi cha kurefuka haraka.

Kipindi hicho kina mtego. Mfupa hurefuka kwanza, madini huujaza baadaye, na kati ya hapo kuna miezi kadhaa ambapo mfupa ni mrefu lakini haujakaza. Ndio umri ambao watoto huvunjika sana mkono, karibu na kifundo, wakianguka. Usimzuie kuruka, punguza urefu wa kitu anachorukia kutoka juu, na usiongeze idadi ya mazoezi mpaka kasi ya kurefuka ipungue.

*Kosa la kawaida:* kusubiri avunje ungo ndipo aanze michezo. Hedhi ya kwanza huja baada ya kilele cha kurefuka kupita, kwa hiyo aliyesubiri amekwisha kupitwa na sehemu tamu ya dirisha. Ikiwa ameshavunja ungo, anza leo, usilie: mfupa bado unajengeka.

Hatua ya 2: Chagua mchezo wenye vishindo

Mchezo unaofaa mfupa una mambo matatu: miguu inaacha ardhi na kurudi, mwelekeo unabadilika ghafla, na mzigo unakuja kwa vipindi vifupi. Netiboli, mpira wa kikapu, voliboli, mpira wa mikono, soka, tenisi, jimnastiki, kuruka kamba, ngoma za kurukaruka: vyote vinafuzu. Kukimbia mbio ndefu kwa mwendo mmoja kunasaidia kiasi, ila mfupa hukizoea haraka kile kinachojirudia bila mabadiliko.

Kuogelea na kuendesha baiskeli ni vizuri kwa moyo na mapafu, lakini maji na kiti hubeba uzito ambao mfupa ulipaswa kuubeba. Waogeleaji wengi, pamoja na misuli yao yote, wana mifupa isiyozidi ya wasiocheza chochote. Tafadhali usimtoe kwenye bwawa analolipenda kwa sababu ya sentensi hiyo. Muongezee dakika 10 za kuruka nchi kavu, mara tatu kwa wiki, na mambo yamekwisha.

Kuhusu kudumaa: watu huwaona wanajimnastiki wafupi wakadhani mchezo ndio uliowafupisha. Zaidi ni kwamba wafupi ndio wanaochaguliwa na ndio wanaodumu. Kinachoweza kweli kuzuia kukua ni njaa, na tutafika huko.

Hatua ya 3: Afundishwe kutua kabla ya kufundishwa kuruka

Hapa ndipo watu wana haraka, na hapa ndipo magoti hupotea. Kuanzia balehe, wasichana hukatika kano kuu ya ndani ya goti mara nyingi kuliko wavulana wanaocheza mchezo ule ule, na mara nyingi hakuna aliyewagusa: wametua vibaya tu, au wamegeuka ghafla goti likiwa limenyooka.

Chukua wiki 2 kwa hili pekee:

1. Asimame, miguu upana wa mabega, achuchumae nusu huku nyonga zikirudi nyuma kana kwamba anatafuta kiti. Rudia mara 10.
2. Simama mbele yake utazame magoti. Yaelekee kule vidole vya miguu vinakoelekea. Yakiingia ndani na kukaribiana, mfunge utepe laini juu kidogo ya magoti na umwambie ausukume kwa nje anapochuchumaa. Wengi huelewa hapo hapo.
3. Aruke kidogo, sentimita chache, atue kwa nyayo za mbele kisha kisigino, magoti yakikunjika. Abaki hivyo hivyo akihesabu hadi 3.
4. Funga macho usikilize. Kishindo kikubwa cha “pwaa” maana yake ametua miguu imenyooka. Arudie mpaka sauti ipungue.
5. Yakishakubali kwa miguu miwili, aende kwa mguu mmoja. Magoti yenye uvivu yatajionyesha hapa.

Utaniuliza: si umesema mfupa unataka kishindo? Ndiyo. Hata kutua kwa ulaini kutoka kwenye mruko wa kawaida kunaupa mguu nguvu inayozidi uzito wa mwili mara kadhaa. Mfupa unapata haki yake, goti linabaki salama. Kutua kwa kelele hakuongezi chochote ila majuto.

Hatua ya 4: Kipindi chenyewe cha kuruka

Siku 3 kwa wiki, zisizofuatana. Apashe mwili moto kwa dakika 5 kwa kukimbia taratibu na kuyumbisha miguu, kisha:

- Wiki ya 1 na ya 2: miruko 30, kwa mafungu ya 10, akipumzika dakika moja baina ya fungu na fungu.
- Wiki ya 3 na ya 4: miruko 50.
- Kuanzia wiki ya 5: polepole hadi 100, na hapo ndipo mwisho.

Badilisha mwelekeo kila fungu: juu, mbele, kando, kugeuka robo mzunguko hewani, mguu kwa mguu. Akishaweza haya bila magoti kuingia ndani, aruke chini kutoka kwenye ngazi au kijisanduku cha sentimita 20 hadi 30.

Ajabu ya mfupa ni kwamba husikia haraka na huchoka kusikia haraka. Baada ya makumi machache ya vishindo mfululizo huacha kuitika, na huhitaji saa kadhaa ili masikio yafunguke tena. Ndiyo maana miruko 10 asubuhi, 10 mchana na 10 jioni ni mpango mzuri kabisa kwa asiye na timu wala kiwanja. Kuruka mara 500 kwa mkupuo mmoja ni njia ya kutafuta maumivu ya ugoko tu.

*Kosa la kawaida:* kumuongezea kipindi hiki binti ambaye tayari anacheza netiboli au jimnastiki siku tano kwa wiki. Huyo hahitaji miruko zaidi. Anahitaji hatua ya 6, ya 7 na ya 8.

Mwenye umri wa miaka 5 hadi 17 anashauriwa na Shirika la Afya Duniani kutembeza mwili kwa wastani wa dakika 60 kwa siku, na angalau siku 3 za wiki ziwe na mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa. Miruko yako inaingia humo ndani. Si mzigo wa pembeni.

Hatua ya 5: Mikono isisahaulike

Miguu ikiruka, mkono haupati kitu. Mara mbili kwa wiki afanye pushapu (akianzia ukutani, kisha magotini), atembee kwa mikono huku mwenzake amemshika miguu, arushe mpira mzito na kuudaka, aning'inie kwenye bomba imara. Vyuma navyo vinaruhusiwa, mradi kuna mtu mzima anayejua anachosimamia na uzito unaanza chini.

Hatua ya 6: Alishwe kwanza, afanyishwe mazoezi baadaye

Mfupa haujengwi kwa jasho. Mwili ukiwa na chakula pungufu kuliko unachotumia, hufanya kama nyumba yenye kipato kidogo: hulipa yaliyo ya lazima, na ujenzi unasimama. Hapa tunasema kwanza juu ya chakula chote kwa jumla, wanga na mafuta vikiwemo, kabla ya kutaja kalsiamu.

- Asianze mazoezi na tumbo tupu. Ale kitu chepesi saa moja au mbili kabla.
- Ale ndani ya saa moja baada ya mazoezi, hata kama mlo mkuu bado.
- Siku ya mazoezi mengi ale zaidi ya siku ya mapumziko. Lasemwa kirahisi, lakini ndilo linalokosewa.
- Kalsiamu: kati ya miaka 9 na 18 kiwango kinachopendekezwa na wataalamu wa lishe wa Marekani ni miligramu 1,300 kwa siku. Glasi ya maziwa ya mililita 250 ina kama 300. Nyingine itoke kwenye mtindi, jibini, samaki wadogo wanaoliwa pamoja na mifupa yao, maharage na mboga za majani. Spinachi isikudanganye: kalsiamu ni nyingi, ila imefungwa na asidi yake yenyewe na mwili haupati sehemu kubwa.
- Vitamini D hutengenezwa na ngozi kwa jua. Anayechezea nje ya ukumbi huwa yuko salama. Anayeshinda ndani, au anayevaa nguo zinazofunika mwili karibu wote, aulizwe kwa daktari kama anahitaji nyongeza.
- Protini katika kila mlo, kwa sababu mfupa si chokaa tupu.

Sasa kosa langu mwenyewe. Niliwahi kuwapanga wasichana mstari na kuwapima uzito mbele ya wenzao, nikidhani huo ndio ukocha. Haikupita muda, wawili wakawa wanaacha chakula cha mchana siku moja kabla ya kupimwa. Mizani niliiondoa. Urefu napima, uzito sipimi hadharani, na neno “nenepa” halitamkwi kiwanjani kwangu.

Hatua ya 7: Hedhi ndiyo taa ya dashibodi

Estrojeni, homoni ya kike, ndiyo inayozizuia seli za kubomoa mfupa zisizidishe kazi. Chakula kikipungukia mazoezi, ubongo huzima mfumo wa uzazi ili kubana matumizi. Estrojeni hushuka, hedhi hukata, na mfupa huanza kuliwa ukiwa katika miaka ambayo ulipaswa kuwekewa akiba. Mwaka 1992 madaktari wa michezo wa Marekani waliipa hali hii jina la utatu wa mwanamichezo wa kike: nishati ya chakula pungufu, hedhi kuvurugika, mfupa kudhoofika. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipanua, kwa sababu iligundulika kwamba njaa hiyo haigusi mfupa na uzazi peke yake, na kwamba hata wavulana huipata.

Angalizo: si wembamba tu. Binti mwenye mwili wa kawaida kabisa anaweza kuwa humo.

Afanye hivi: aandike tarehe ya siku ya kwanza ya kila hedhi. Miaka ya mwanzo mzunguko huyumba, na siku 21 hadi 45 bado ni kawaida. Mpeleke kwa daktari ikiwa:

- ametimiza miaka 15 bila hedhi, au imepita miaka 3 tangu matiti yaanze kuota na bado haijaja;
- ilikuwa inakuja, sasa imekata miezi 3 mfululizo;
- mzunguko unazidi siku 45 kila mara.

Na usikubali kuambiwa “ni dalili kwamba anafanya mazoezi ya kutosha”. Ni dalili kwamba hali chakula cha kutosha. Mfupa unaopotea hapa hauna uhakika wa kurudi wote. Jambo jingine: msichana mkubwa anayetumia vidonge vya kupanga uzazi anaweza kutokwa damu kila mwezi, na damu hiyo haikuambii lolote kuhusu homoni zake mwenyewe. Taa imefunikwa, haijazimika.

Hatua ya 8: Mpe mapumziko

Saa za mazoezi yaliyopangwa kwa wiki zisizidi umri wake: wa miaka 11, saa 11. Siku 1 au 2 kwa wiki bila mazoezi ya timu. Mchezo mmoja usichezwe mwaka mzima. Apate miezi 2 au 3 mbali nao, hata ikigawanywa. Usingizi saa 9 hadi 12 kwa walio chini ya miaka 13, na saa 8 hadi 10 kwa waliozidi.

Mambo yakienda kombo

*Ugoko unauma.* Mbonyeze kwa kidole kimoja. Maumivu yakitandaa sehemu ndefu na kupungua akishapata joto, punguza mazoezi nusu kwa wiki 2 na ukague raba. Yakiwa sehemu moja inayofunikwa na ncha ya kidole, yakizidi kadiri anavyokimbia, au yakimuamsha usiku, asimamishe kuruka leo: huenda ni ufa wa mfupa. Jua pia kwamba picha ya eksirei wiki za mwanzo mara nyingi haionyeshi kitu. Picha safi haimrudishi kiwanjani ikiwa kidole bado kinapapata.

*Maumivu ndani ya kinena au mbele ya paja akikimbia.* Hili halisubiri. Ufa wa shingo ya paja ukiachwa unaweza kukatika kabisa. Asikanyagie mguu huo mpaka aonwe na daktari.

*Uvimbe mgumu chini ya pia ya goti, au kisigino kinachouma baada ya mchezo.* Ni pale kano inapovuta sehemu laini ya ukuaji. Inasumbua, haimharibu. Barafu, miruko michache, na subira. Huisha ukuaji ukitulia.

*Kifundo cha mkono kinauma kwa mwanajimnastiki.* Usimwambie avumilie. Karibu na ncha za mifupa hiyo kuna sehemu laini ya ukuaji inayoweza kuumia kwa kubebeshwa mwili kila siku. Wiki kadhaa bila kujiegemeza kwa mikono, na uchunguzi.

*Ufa wa pili ndani ya mwaka mmoja.* Acha kulaumu raba. Rudi hatua ya 6 na ya 7, fungua daftari la hedhi, nenda nalo kwa daktari, na uulizie kipimo cha wingi wa madini ya mifupa.

*Alivunjika mkono, sasa anaogopa.* Daktari akisharuhusu, mrudishe kwenye hatua ya 3 kama mgeni. Wiki 2 za kutua, chini chini, bila watazamaji.

*Hataki michezo.* Usimlazimishe timu. Mpe kamba na rafiki mmoja, au muziki. Mfupa haujui kama kile kishindo kilikuwa cha fainali au cha kucheza na mdogo wake uani.